Mkurugenzi "alieleza", mama wa ndoo "alidai"

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaoandika tasnifu kwa Kiingereza

Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wanafunzi, habari za asubuhi. Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kuja siku ya Jumamosi wakati wengi wenu mmeacha sura ya pili mezani haijaisha.

Nimeombwa niseme juu ya vitenzi vya Kiingereza tunavyovitumia tunapoleta kauli ya mtu mwingine: "say", "state", "claim", "argue", "suggest" na ndugu zao wengi. Nitaanzia nyumbani, maana huko ndiko mlikojifunza jambo hili kabla hamjajua hata neno moja la Kiingereza.

Mama yuko jikoni anageuza chapati. Asha amelala chumbani. Anakuja mtoto wa kwanza: "Mama, Asha anasema tumbo linamuuma." Anakuja wa pili: "Mama, eti Asha tumbo linamuuma." Anakuja wa tatu: "Mama, Asha anajidai tumbo linamuuma." Asha ni yule yule na tumbo ni lile lile. Lakini mama aliyesikia ya kwanza anafuta mikono, anaacha chapati na kwenda kutazama. Aliyesikia ya pili anauliza kwanza kama vyombo vimeoshwa. Aliyesikia ya tatu anaita palepale alipo: "Asha! Hebu njoo hapa!" Hakuna mtoto aliyetamka kwamba Asha ni mwongo, wala aliyetamka kwamba ni mkweli. Neno moja dogo ndilo lililomwambia mama aamini kiasi gani.

Sikio hilo mnalo nyote. Sijapata kumwona mtu aliyekulia katika Kiswahili akachanganya "anasema" na "eti". Lakini tukishafungua kompyuta na kuanza kuandika Kiingereza, sikio hilo tunaliacha mlangoni pamoja na viatu. Hilo ndilo lililonileta kwenu leo.

Kazi yangu ni kufasiri ripoti na kuhariri tasnifu, na nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Hivi karibuni nilisoma sura ya pili ya kijana mmoja, mapitio ya machapisho. Katika paragrafu moja alikuwa na waandishi watano. Wa kwanza "says". Wa pili "claims". Wa tatu "argues". Wa nne "reveals". Wa tano "admits". Nikamuuliza: huyu wa tano amekiri nini? Alikamatwa wapi? Akanijibu kwa unyoofu kabisa, "Mwalimu, yale mengine nilikuwa nimeshayatumia."

Simlaumu. Alifundishwa shuleni kwamba kurudia neno ni uandishi mbovu, kisha akapewa ile karatasi ambayo nadhani wengi wenu mnayo, ile inayouzwa kwenye steshenari karibu na kila chuo, fotokopi ya fotokopi, imeandikwa juu "maneno mbadala ya 'say'", na chini yake maneno arobaini au hamsini yamepangwa kama mashati kwenye kamba. Leo unavaa hili, kesho lile. Karatasi hiyo imewaharibia kazi wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu inaahidi kwamba maneno hayo yana maana moja. Hayana. Kila moja linamwambia msomaji amwamini mwenye kauli kiasi gani, kama vile "anasema", "eti" na "anajidai" zilivyomwambia mama. Ukibadilisha kitenzi kwa ajili ya urembo, umebadilisha ushahidi.

Na ushahidi ukibadilishwa, kuna mtu anaumia. Nitawaonyesha.

Mwanafunzi mwingine alifanya utafiti wa huduma ya maji katika mtaa mmoja. Alizunguka na daftari, akawahoji wakazi, kisha akaenda ofisini kumhoji mkurugenzi. Katika sura ya nne nikakuta sentensi mbili zimefuatana. Ya kwanza: "A female respondent claimed that the tap had been dry for three weeks." Ya pili: "The director explained that the area receives water every two days." Nikamwita. Nikamwomba anisimulie siku ile alipomhoji yule mama. Akasema alimkuta njiani, ana ndoo ya lita ishirini kichwani, ameitoa mtaa wa pili. Nikamuuliza, "Na bomba lenyewe, uliliona?" Akasema, "Nililiona. Nililifungua mwenyewe, likatoa upepo."

Likatoa upepo! Kijana alishika koki kwa mkono wake, akasikia upepo ukitoka mahali pa maji, kisha akarudi chumbani kwake akaandika kwamba mama yule "claimed". Na mkurugenzi, ambaye hakumwonyesha hata karatasi moja ya ratiba, akamwandikia "explained". Yaani mama mwenye ndoo amewekewa "eti", na mwenye kiti cha kuzunguka amewekewa muhuri. Hakukusudia, nina hakika hakukusudia. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama kila tasnifu inayopita mikononi mwangu, na mara nyingi nakuta mpangilio huo huo: wakulima "claim", afisa kilimo "states", wagonjwa "claim", mganga mkuu "confirms", wanafunzi "complain", mkuu wa shule "clarifies". Cheo ndicho kinachochagua kitenzi. Ushahidi hauulizwi.

Tulisahihisha pamoja. Mama yule akawa amesema tu: "A resident said that the tap had been dry for three weeks; when the researcher opened it, no water came out." Mkurugenzi naye akawa amesema: "The director stated that the area receives water every two days." Sasa msomaji ana kauli mbili zilizosimama sawasawa, na ana koki. Ataamua mwenyewe.

Tazameni hilo neno "explain", maana linatunasa sisi kuliko watu wengine. Kwa Kiswahili cha magazeti "alieleza" ni neno lisiloegemea upande, pacha wa "alisema". Mbunge anaeleza, msemaji wa polisi anaeleza, kocha aliyefungwa mabao manne anaeleza. Tukienda kwenye Kiingereza tunashika "explained" tukidhani tumepata "alieleza". La. "Explain" ni kufafanua jambo ambalo lipo. Ukiandika kwamba mhasibu "explained that the money had been stolen", umemwambia msomaji kwamba fedha ziliibwa kweli, na mhasibu alikuwa anatufumbulia tu yaliyotokea. Kumbe labda mhasibu ndiye mwenye kuulizwa.

Neno lililoniumiza mimi mwenyewe ni "kukubali". Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeanza kazi ya kufasiri. Kikundi kimoja cha kijiji kilikuwa na mradi unaofadhiliwa kutoka nje, na mihutasari ya vikao vyao ilikuwa inakuja kwangu niigeuze Kiingereza. Katika muhtasari mmoja paliandikwa: "Mhazini alikubali kwamba shilingi milioni mbili zilipokelewa." Maana yake pale kijijini ilikuwa wazi kama mchana. Katibu aliuliza kama fedha zimefika, mhazini akaitikia kwamba zimefika, watu wakapiga makofi. Mimi nikaandika: "The treasurer admitted that two million shillings had been received." Wiki kadhaa baadaye ikaja barua kutoka kwa wafadhili. Wanauliza: mhazini alizificha fedha hizo kwa muda gani, na ni nani aliyemgundua?

Mzee yule alipanda basi akaja mjini na ile barua imekunjwa ndani ya mfuko wa shati. Akaiweka mezani kwangu. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, hebu nisomee. Mimi nilikiri nini?" Niliisoma mara mbili ndipo nikaona nilichofanya. "Admit" ni kukiri. Anayekiri alikuwa anaficha, au jambo lenyewe ni aibu kwake. Nilipaswa kuandika "confirmed", na yasingetokea haya. Niliandika masahihisho siku hiyo hiyo, lakini yalifika wakati kikao kingine kimeshakaa na kumweka mzee kando. Ndiyo sababu mnaniona naongea juu ya vitenzi kama mtu anayeongea juu ya dawa na vipimo vyake.

"Kukubali" kwetu ni nyumba kubwa yenye vyumba vingi. Umekubali mwaliko, hiyo ni "accept". Umekubaliana na mtu, hiyo ni "agree". Umekubali kosa, hiyo ni "admit". Umekubali kwamba hoja ya mwenzako ina uzito ijapokuwa hamko upande mmoja, hiyo ni "concede" au "acknowledge". "Kukataa" nayo ni hivyo hivyo: aliyekataa chai ni "refuse" au "decline", aliyekataa shtaka ni "deny", aliyekataa nadharia ni "reject". Kwa miongo mingi katika mahakama zetu za Tanzania, ukiacha Mahakama za Mwanzo, shahidi alikuwa anasema kwa Kiswahili huku hakimu anaandika kwa Kiingereza, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mimi nikifikiria kurasa zote zile zilizoandikwa kwa mkono, huwa najiuliza ni "nilikubali" ngapi za watu wa kawaida zilizogeuka "I admitted" njiani, kati ya mdomo na kalamu.

Na kuna "refute". Wengi mnaitumia kwa maana ya kukanusha. Waziri amekanusha habari, mnaandika "the minister refuted the report". Kukanusha kwa mdomo ni "deny". "Refute", kwa wasomaji makini wa Kiingereza, ni kuonyesha kwa ushahidi kwamba habari ni ya uongo. Kamusi za siku hizi zinarekodi matumizi hayo mepesi, lakini mtahini wenu akiona "refuted" atatafuta ushahidi ulioangusha hoja. Asipouona, mmempa deni lisilo lenu.

Neno jingine, na hili nataka nikae nalo, ni "suggest".

Tunaambiwa "suggest" ni kupendekeza. Ni kweli, mtu akiwa mezani anapendekeza mkutano usogezwe mbele. Lakini "the results suggest that" si kupendekeza hata kidogo. Matokeo hayana mdomo wa kupendekeza chochote. Hapo "suggest" ni kuashiria, kudokeza: dalili zinaelekea huku, lakini hatujafika. Kila siku nasoma tafsiri zinazosema "utafiti unapendekeza kwamba kahawa inapunguza maradhi fulani", na msomaji masikini anadhani wanasayansi wameshauri anywe kahawa. Kwenye tasnifu kosa linakwenda upande wa pili. Mwanafunzi anaona "suggest" ni neno dhaifu, linaonekana kama mtu asiye na uhakika, basi anaamua kumsaidia mtafiti. Anaandika "showed". Mwingine anayemnukuu mwanafunzi huyo anaandika "proved". Kauli ilikuwa na miguu miwili ya kutembea polepole, sasa ina mabawa.

Mnajua mambo haya yalikofikisha watu? Februari 1998, jarida la kitabibu la Uingereza liitwalo The Lancet lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake 12. Walikuwa wamechunguza watoto 12 tu. Kati ya watoto hao, wanane walikuwa na wazazi walioihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na mabadiliko ya tabia waliyoyaona kwa watoto wao. Kumbukeni: wazazi waliihusisha. Hicho ndicho kitenzi kilichokuwa kwenye makala. Tena makala yenyewe ilitamka wazi kwamba haikuthibitisha uhusiano kati ya chanjo hiyo na hali walizozieleza. Lakini Wakefield alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema mambo makubwa kuliko karatasi yake, na habari ikaanza kusafiri. "Wazazi waliihusisha" ikawa "madaktari wanaonya". "Madaktari wanaonya" ikawa "utafiti umeonyesha". Chanjo zikapungua Uingereza, na surua ikarudi mahali ilipokuwa imeanza kusahaulika. Mwaka 2004 waandishi 10 wa makala ile walijitenga na tafsiri yake. Mwaka 2010 The Lancet ikaifuta kabisa, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Mwaka uliofuata mwandishi wa habari Brian Deer akaonyesha, kwenye jarida jingine la kitabibu, jinsi taarifa za watoto wale zilivyokuwa zimepindishwa.

Mpaka leo nakuta tasnifu iliyoandikwa "Wakefield et al. (1998) showed that". Jina liko sawa, mwaka uko sawa, mabano yako sawa, msimamizi anapitisha. Na sentensi ni ya uongo, kwa sababu ya kitenzi kimoja. Hapa ndipo "claim" ina kazi yake halali: "Wakefield claimed, on the basis of work that was later retracted". Neno hilo halikuumbwa kwa ajili ya mama wa ndoo. Liliumbwa kwa ajili ya kauli kama hii, ambayo mwenye nayo ameitoa na ushahidi haujaja, au umekuja ukamkataa.

Nije karibu na nyumbani. Wengi wenu mlikuwa wadogo mwaka 2011, lakini mmesikia habari za Babu wa Loliondo, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, pale kijiji cha Samunge. Watu walikwenda kwa maelfu, magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500. Mchungaji alisema dawa ile alioteshwa na Mungu. Basi, ukiandika kwa Kiingereza juu ya mwaka ule una njia kadhaa mbele yako. Ukiandika kwamba alikuwa "curing" watu, umeshahukumu kwamba walipona. Ukiandika kwamba alikuwa "pretending to cure", umeshahukumu kwamba alikuwa mlaghai na unaijua nia iliyokuwa moyoni mwake. Ukiandika "he said that the drink cured", unabaki na alichokisema. Ukiandika "he claimed that the drink cured", unaongeza kwamba jambo hilo lilihitaji kuthibitishwa na halikuwa limethibitishwa. Kwa dawa ambayo watu walikuwa wanaambiwa inaponya kisukari na UKIMWI, mimi naona "claimed" ni haki, na si tusi kwa mchungaji.

Lakini wale waliokwenda kunywa? Mtu aliyerudi akakwambia, "Nilipokunywa nilijisikia nafuu," usimwandikie "claimed". Mwili ni wake, na anachokisikia ndani yake hakuna ofisi inayoweza kukikanusha. Kiingereza kina kitenzi kizuri kwa ajili yake: "reported". "Patients reported feeling better." Haisemi wamepona, haisemi wanadanganya. Inasema walitoa habari ya miili yao. Kama tasnifu yako ina hojaji au mahojiano, jifunze kulipenda neno hili.

Sasa mtaniuliza, tutajuaje ni kitenzi gani kinabeba ukweli ndani yake na kipi hakibebi? Wanaisimu wamelifanyia kazi swali hili. Paul Kiparsky na Carol Kiparsky waliandika makala mashuhuri mwaka 1970. Kipimo chenyewe mnaweza kukifanya kwa Kiswahili sasa hivi. Kanusha kitenzi, kisha tazama kama habari bado imesimama. "Juma hajui kwamba mjomba amefika." Mjomba amefika? Amefika, yuko sebuleni anakunywa maji, ila Juma hana habari. "Juma hajasema kwamba mjomba amefika." Mjomba yuko wapi? Hatujui. "Kujua" kunambeba mjomba, "kusema" hakumbebi. Fanyeni hivyo hivyo kwa Kiingereza. "She did not point out that the sample was small": sampuli bado ni ndogo. "She did not argue that the sample was small": hatujui ukubwa wake. Kwa hiyo "point out" na "acknowledge" zinakufunga. Ukizitumia, umeikubali habari pamoja na mwenye habari. "Say", "argue", "claim", "maintain", "suggest" zinakuacha huru. "Show" na "demonstrate" ziko katikati kidogo, kipimo cha kukanusha hakizinasi, lakini ukizitumia bila kukanusha umeshasaini.

Na "argue" msiiogope. Nimeona wanafunzi wanaikwepa kwa kudhani ni kugombana. Kwenye kazi ya kitaaluma ni kujenga hoja: mtu ametoa msimamo na ameuwekea sababu. Kwa hiyo itumieni mahali penye sababu. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Nilishakutana na "the census report argues that" ikifuatiwa na idadi ya watu. Hakuna anayejenga hoja juu ya hesabu. Hesabu "is recorded", au ripoti "gives" idadi hiyo, basi.

Sarufi nitaipitia haraka, mnayo kwenye vitabu. "According to Fulani says that" ni kuvaa kofia mbili; chagueni moja. Hata kwa Kiswahili "kwa mujibu wa Fulani anasema" haipendezi. "Tell" inataka mtu baada yake kama "-ambia" inavyotaka: husemi "aliambia kwamba", basi usiandike "he told that". "Discuss" na "describe" hushika nomino. "Discuss" haihitaji "about". "Suggest" haifuatwi na "him to go". Na hili dogo lenye sumu, "as". Ukiandika "as Fulani points out", unaungana naye. Kwa hiyo "as Fulani claims" ni kumpa mkono huku umegeuza uso; ondoa "as" au ondoa "claims". Kuhusu nyakati, hoja iliyo hai hupewa wakati uliopo hata mwenyewe akiwa hayupo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962 na bado tunasema "Shaaban Robert anatuambia". Kiingereza nacho kinafanya hivyo: "argues". Lakini tendo la utafiti lililofanyika mara moja likaisha, kuhesabu, kupima, kuhoji, liwekeni wakati uliopita: "interviewed", "measured", "found".

Nilipomaliza, palikuwa na maswali. Mwalimu mmoja aliuliza juu ya programu za kuandika upya sentensi, zile ambazo wanafunzi huzipa paragrafu ili zisionekane zimenakiliwa. Swali zuri sana. Nyingi zinafanya kazi ile ile ya karatasi ya steshenari, ila kwa kasi: zinachukua "said" zinaweka "claimed", zinachukua "suggests" zinaweka "reveals", na mwanafunzi hasomi tena. Nilimwambia, kama mtaruhusu programu hizo, basi kila kitenzi cha kunukuu mwanafunzi akirudishe kwa mkono wake, akiwa amefungua chanzo mbele yake.

Kijana wa safu ya katikati aliuliza, "Na kama mimi mwenyewe sijui kama ni kweli?" Nikamjibu: andika "says", au "writes", au "states" kama ni kauli rasmi. Kirudie hata mara sita ukurasa mmoja. Waandishi wa habari wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "said" inatosha, na msomaji hachoki nayo, haioni hata, kama asivyoona nukta.

Wa mwisho alikuwa binti aliyesimama nyuma karibu na mlango. Alisema tasnifu yake ni ya mbegu za mahindi, na angependa nimtazamie sentensi moja. Nikamwomba aje nayo mbele. Ilikuwa imeandikwa: "The company confirms that this variety doubles the harvest." Nikamuuliza habari hiyo ameipata wapi. Akasema kwenye kipeperushi chao, dukani.

"Kuna shamba walilokuonyesha?"

"Hapana."

"Kuna takwimu?"

"Kuna picha ya mahindi."

Akatazama ukurasa, akachukua kalamu, akakata "confirms" na kuandika "claims" juu yake. Kisha akasita. "Mwalimu, hawatakasirika?"

Nikamwambia awaandikie barua awaombe takwimu zao. Wakimpeleka shambani akaona magunia yakihesabiwa, arudi abadilishe kitenzi.